Nataka kutengeneza hereni na zawadi za kopa na brasi mwenyewe nyumbani, nianzie wapi?

Binti_Mbagala

Wakuu habari za muda huu, samahanini kama uzi wa hivi ulishawahi kuwepo, nimetafuta nikakuta za kuchomelea mageti na madirisha tu.

Iko hivi, mdogo wangu ana sendofu mwezi wa kumi na mbili na mimi ndo dada mkubwa, sasa kwa hali ya mfuko nimeona badala ya kununua vile vitu vya kung'aa ambavyo wiki mbili vishababuka, niwatengenezee wasindikizaji wake hereni kwa mkono wangu, na mashangazi wa upande wa baba niwape vishikio vya funguo vyenye majina yao. Nina boksi la viatu limejaa makorokoro, gia za saa mbovu za ukutani na za mkononi, funguo ambazo hata hazijulikani za mlango gani, vifuniko vya soda, cheni ya baiskeli, nati na washa, hereni zilizobaki mojamoja, halafu anko wangu fundi friji kanipa vipande vya bomba za kopa za AC. Nakaa nyumba ya kupanga, uwanja ni wa wapangaji wote kwa hiyo kelele na moshi vina mipaka yake.

Maswali yangu, je ni lazima ninunue tochi ya gesi? Ile waya ya kulehemu ya mafundi simu inafaa kwenye hereni? Na hii kopa mbona nikivaa bangili mkono unakuwa wa kijani, si nitatukanwa na watu siku ya shughuli? Nielekezeni kama mtu asiyejua hata kushika nyundo maana ndo ukweli wenyewe.

kona_ya_tupa

Dada hongera kwa wazo. Tochi weka pembeni kabisa, watu wengi wanaoanza wanakimbilia moto kwa sababu video zote zinaanza na moto, wakati kwa hayo makorokoro yako moto ndo utakaoharibu kila kitu, gia ya saa ni nyembamba inayeyuka hujaangalia vizuri, kifuniko cha soda kina kiplastiki ndani kitanuka mtaa mzima. Wewe anza na kuunga kwa baridi, yaani ribiti (kipande cha waya kinachopita tunduni kisha kinagongwa ncha zote mbili zitanuke), waya na vikuku vidogo vya kuunganishia. El Anatsui yule msanii wa Ghana vile vitambaa vyake vikubwa vya vifuniko vya chupa vinavyoning'inizwa makumbusho za dunia nzima vimefungwa kwa waya wa kopa tu, hakuna lehemu pale.

Nenda kwa fundi umeme wa mtaani kwenu umuombe vipande vilivyobaki. Waya wa nyumba wa 1.5 (ni milimita za mraba hizo) ule wenye uzi mmoja ndani una unene wa milimita 1.38, huo ndo ribiti zako. Ule wa 2.5 wenye nyuzi saba, kila uzi una milimita 0.67, huo ni wa kuzungushia na kufungia vitu vidogo. Ganda lake lichane kwa wembe mzito au kisu, USICHOME, najua wauza skrepa wanachoma lakini moshi wa lile plastiki una asidi na sumu nyingine mbaya zaidi na hapo kwenu kuna watoto.

Ribiti unafanya hivi. Weka alama kwa senta panchi (msumari mgumu ulionolewa unatosha), toboa kwa biti ya milimita 1.5, na ile bati uibane kwa jiliwa au koleo usiishike kwa vidole, kwa sababu biti ikitokea upande wa pili inang'ata na bati inazunguka kama feni, hapo ndo vidole vinapoondoka. Pitisha waya, kata uache utokeze kidogo kila upande, nusu ya unene wa waya inatosha, wengi wanaacha mrefu sana halafu unapinda badala ya kutanuka. Laza juu ya chuma kizito, kipande cha reli kikipatikana umelamba dume, kisha gonga polepole pembenipembeni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, geuza, gonga upande wa pili, geuza tena. Hautumii nguvu, ukisikia mkono unachoka ujue unakosea.

Vikuku vya kuunganishia zungusha waya kwenye msumari wa inchi nne mpaka upate springi, kata kwa msumeno mwembamba mstari mmoja. Kuvifungua usivute kwa upana, sukuma ncha moja mbele nyingine nyuma kwa plaizi mbili, ukivuta kwa upana haviji kufunga vizuri tena.

Na gundi: supagluu kwenye chuma inayokaa mwilini haidumu, jasho linaibandua. Kama lazima ugundishe kitu tumia epoksi ya kuchanganya, kwaruza kwanza kwa msasa pande zote mbili, osha mafuta, acha mpaka kesho yake.

mvukuto_moro

Mkuu hapo juu umesema vizuri ila sikubaliani na hilo la moto uwekwe pembeni kabisa. Hizo bomba za AC atazifanyaje bila moto? Kopa ukiigonga inakaza, ukiendelea kuigonga inapasuka, lazima ilainishwe, na kulainisha hakuhitaji tochi wala gesi, jiko la mkaa la kawaida na kipepeo cha mkono vinatosha.

Binti sikiliza, bomba ya AC ya nusu inchi ukiichana kwa urefu kwa msumeno wa chuma au mkasi wa bati inakupa kibati cha upana wa sentimita tatu na nusu hivi, hicho ni hereni na vishikio vya funguo kibao. Lakini ile bomba ukiifungua inakuwa imejikunja na ngumu. Weka kwenye mkaa uliokolea jioni giza likianza kuingia, ufanye jioni makusudi kwa sababu mchana juani huioni rangi. Ikifika wekundu hafifu tu, ule wa kuhisi zaidi ya kuuona, toa kwa koleo tumbukiza majini. Kopa sio chuma, ukiitumbukiza haikazi, inatoka laini unaikunja kwa vidole. Kopa yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 1085 kwa hiyo una nafasi kubwa, brasi iko chini yake kama 900 na kitu hivyo nayo uwe makini zaidi, na alumini ndo mtego kabisa kwa sababu inayeyuka kwenye 660 na haikuonyeshi wekundu wowote, unaangalia iko vilevile ghafla imekuwa uji.

Ikitoka ina utando mweusi. Mafundi wengine watakwambia tindikali ya betri, achana nayo, ndimu na chumvi ya moto inafanya kazi hiyohiyo taratibu, wale wanaotengeneza juisi wanauza sitriki ya unga nayo ni nzuri zaidi ya ndimu. Ila usiingize koleo la chuma kwenye maji hayo, yakishatumika yana kopa ndani, chuma kikiingia vitu vyako vyote vinapakwa kopa, brasi yako inatoka nyekundu unashangaa imekuwaje.

Majina ya mashangazi nunua panchi za herufi kwenye duka la vifaa, zinakuja boksi zima A mpaka Z. Gonga jina KABLA hujakata umbo, bati likiwa limelala, kwa sababu herufi zinasukuma pembeni zinaharibu umbo. Pigo moja zito kwa kila herufi, ukirudia pigo inatoka herufi mbilimbili.

Sista_wa_Ngara

Mambo dadangu, mimi niko Nairobi na kazi hii naifanya kama biashara ndogo. Huku Kibera mafundi wanayeyusha brasi ya mabomba ya maji na kufuli kuukuu wanamwaga kwenye kalibu ya mchanga, wanatoa bangili na hereni hadi zinauzwa ng'ambo, na pembe na mifupa ya ng'ombe wanachanganya humo. Enda Kamukunji pia utapata watu wanagonga bati tangu asubuhi na hawana shida kukuonyesha ukiwa mnunuzi. Kwa wazo la kuunganisha makorokoro tafuta kazi za Cyrus Kabiru, yeye ni wa Nairobi, anatengeneza miwani ya ajabu kutoka kwa vitu vya jalala, kijiko, waya, vipuli vya redio, chochote. Angalia hasa vile anaunga, si vile inakaa kutoka mbali.

Lakini nina mambo ya kukuambia kuhusu hilo boksi lako kabla hujaanza kushika.

Funguo na brasi za mabomba mara nyingi zina madini ya risasi (lead), huwa inaongezwa asilimia chache ndio chuma kikatike vizuri kwa mashine. Mtu mzima kuvaa pendanti ya ufunguo haina noma, lakini usiwape watoto wadogo wenye kila kitu kinaingia mdomoni, na ukipiga tupa au msasa lowesha na uvae barakoa, usipulize vumbi mezani halafu mle ugali hapo. Pia hizo ukizipasha moto halafu uzigonge zikiwa bado moto zinapasuka, kwa hivyo zitoboe tu uzining'inize vile zilivyo.

Saa za zamani kabisa, zile za miaka ya 1960 kurudi nyuma zenye mishale ya kung'aa gizani, zilipakwa rangi yenye radiamu. Usizifungue wala kukwaruza. Za kisasa za betri hazina hiyo shida.

Nati na washa za rangi ya fedha zimepakwa zinki. Hizo usiweke kwenye mkaa wa huyo kaka wa Moro hata siku moja, zinki inachemka kwa 907 na moshi wake mweupe ukiuvuta, masaa machache baadaye unatetemeka na homa unadhani ni malaria.

Na chukua sumaku ya spika mbovu, pitisha kwa kila kitu. Kinachonata ni chuma kilichopakwa rangi ya brasi, juu dhahabu, ukikwaruza kesho kina kutu. Vifuniko vya soda vitanata, hivyo ni bati la chuma, usivitegemee kugusa ngozi muda mrefu.

welda_wa_gerezani

Sista moshi wa zinki unakunywa maziwa unaisha, sisi miaka yote tunafanya hivyo na tuko fiti

Sista_wa_Ngara

Bro maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda kwa mapafu. Ile homa huisha yenyewe kwa siku moja au mbili, ndio maana kila mtu anaamini dawa yake imefanya kazi. Chomelea nje, kaa upande upepo unakotoka, na kwaruza zinki kwanza. Maziwa kunywa kwa sababu ni matamu.

welda_wa_gerezani

😂😂 haya. Ila binti akitaka kuona watu wanavyofua bati aje mtaa wa Gerezani hapa Dar, asije na viatu vya wazi tu.

Binti_Mbagala

Jamani sijategemea majibu ya hivi, asanteni sana. Nimepitisha sumaku, nusu ya "brasi" zangu ni chuma tupu 😭 gia za saa za mkononi ndo za ukweli. Bado hamjanijibu la waya ya mafundi simu na la ukijani. Pia nina vipande vya sahani nzuri ya maua ya bluu ya bibi ilivunjika nikashindwa kuitupa, vinaweza kuingia kwenye hereni au najisumbua?

kona_ya_tupa

Waya ya fundi simu angalia imeandikwaje kwenye roli, ikiwa 60/40 au 63/37 hiyo namba ya pili ni risasi, kwa kitu cha mwilini hapana. Kuna isiyo na risasi, utakuta ni madini ya bati (tin) karibu yote na kopa au fedha kidogo. Lakini hata hiyo ni laini, pete ukiibana kwa nguvu inaachia, inafaa kubandika kitu kisichobeba uzito. Masonara wanatumia lehemu ya fedha yenye moto mkali na boraksi (unga wa kusaidia lehemu itiririke), hiyo mwakani, sio mwezi wa kumi na mbili.

Ukijani ni jasho lako linakutana na kopa, haudhuru, unaoga unatoka. Paka rangi ya kucha ile isiyo na rangi upande unaogusa ngozi, au nta ya nyuki, rudia ikiisha. Kwa hereni haina shida sana kwa sababu inaning'inia, tatizo ni kile kinachoingia kwenye tundu la sikio. Hapo usitumie kopa wala waya wa umeme, nunua kulabu za chuma cha pua cha 316L au za fedha 925, bei ndogo na wasindikizaji wenye masikio yanayovimba kwa nikeli watakushukuru.

Amu_kwetu

Assalamu alaykum mwanangu. Hicho cha sahani ndicho hasa kilichonifanya niingie hapa. Huku Lamu mafundi wa fedha wana kazi yao mashuhuri ya pete zilizopachikwa kigae cha sahani za kale za China, ua la bluu katikati na ukingo wa fedha ukizunguka. Wazee wao fedha waliipata kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile sarafu zenye mwaka 1780 juu yake hata kama zimepigwa miaka mingi baadaye, moja ina gramu 28 na ushei na fedha yake ni asilimia 83 hivi, basi mtu akileta riale zake mbili tatu anaondoka na bangili.

Sahani ya bibi yako ifanye hivihivi. Chagua kipande chenye ua zima, kipunguze kwa kusugua juu ya jiwe la kunolea lenye maji, kila mara maji, vumbi la kauri likikauka ukalivuta halitoki kifuani. Usiwe na pupa ya kukivunja kwa koleo, ufa huenda utakako wenyewe. Kingo zikishalainika kabisa mpaka ncha ya kidole haikwaruziki, kata bati la kopa kubwa kuliko kigae, liachie meno manne au sita pembezoni, kiweke katikati uyakunje meno juu yake kwa kipande cha mti si kwa chuma, ukianza na jino la huku kisha la mkabala wake. Hakuna moto wala gundi. Kopa iwe imelainishwa alivyosema yule wa Morogoro, la sivyo kigae kitapasuka kwa kukilazimisha.

Na neno moja kwa wanaosoma wengine. Vigae mnavyoviona magofuni na fukweni penye miji ya kale msiokote. Kwetu Kenya kuna sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, na Tanzania mna yenu ya mambo ya kale tangu 1964. Jikoni kwa watu zinavunjika sahani za kutosha.

yaya_wa_Lubum

Bonjour yaya, niko Lubumbashi. Hapa shaba, ile mnaita kopa, ni ya kwetu, hata jimbo liliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997. Mafundi wanagonga picha juu ya kibati cha shaba, bibi anatwanga, samaki, msalaba wa Katanga ule ambao wazee wa zamani walikuwa wanatumia kama feza, ni kusema pesa. Kibati wanakilaza juu ya kitu laini, wanasukuma picha kwa nyuma, wanageuza, wanachora kingo kwa mbele. Wewe weka kipande cha tairi chini, msumari ukate ncha na uipige tupa iwe mviringo, inatosha. Mbele ya kupaka rangi ya kucha unaweza kuifanya nyeusi kwa yai: chemsha yai likauke kabisa, liponde na ganda lake, weka ndani ya mfuko pamoja na kibati bila kugusana, funga. Baadaye sugua juu na msasa mwembamba, picha inabaki na weusi ndani, inatokea sana.

Kama mtu anakuuzia malakiti ile mawe ya kijani ya kwetu, usiikate kavu, vumbi yake ni sumu.

mvukuto_moro

Hiyo ya yai ni kweli kabisa, inafanya kazi hata kwa herufi za majina, usisugue sana tu.

Binti_Mbagala

Wallahi nimecheka hapo kwa yai, nyumba nzima itauliza nanuka nini. Basi mpango umebadilika, wasindikizaji watapata gia ya saa juu na kigae cha sahani ya bibi chini, zimeungwa kwa vikuku, kulabu nanunua. Mashangazi wanapata kopa yenye jina na weusi wa yai. Swali la mwisho, sahani imevunjika vipande vikubwa viwili na vidogo vingi, wasindikizaji wako sita kwa hiyo hereni kumi na mbili, maua hayatatosha yote kufanana, naweza kuchanganya?

Amu_kwetu

Changanya mwanangu, ila jozi moja iwe na uzito sawa, ipime kwenye mizani ya sonara au ya duka la viungo kabla hujakunja meno. Hereni moja ikizidi nyingine mvaaji ataijua kabla ya adhuhuri. Na mdogo wako mwenyewe mwekee kile kipande chenye jina la kiwanda nyuma ya sahani, upande wa ndani usioonekana.

welda_wa_gerezani

Binti reli ninayo kipande kama futi moja, kinakaa tu hapa hakina kazi. Njoo na mfuko mgumu, kizito hicho.